Theluji Mbichi

Inspekta hakuwa mtu wa kukaa. Hata alipokaa, mguu wake wa kulia uliendelea na safari zake chini ya meza, kisigino kikigonga sakafu kama anayeshona kwa cherehani, na askari wenzake walikwisha kuzoea kumtambua kwa mlio huo kabla ya kumwona uso. Asubuhi ile mguu haukupumzika kabisa. Mtu aliyeketi mbele yake kwenye chumba cha mahojiano alikuwa amefunga mdomo tangu siku aliyokamatwa, na kesho yake alitakiwa kufikishwa mahakamani kwa kosa la kuua.

Mtu huyo kila aliyemjua alimwita Kivuli. Alibandikwa jina hilo kwa kuwa mwaka nenda mwaka rudi alitembea hatua moja nyuma ya mwalimu wake, mchoraji, akimbebea brashi, akimkorogea rangi, akimpigilia fremu. Mwalimu mwenyewe mji mzima ulimwita Kiguu na Njia. Kila mwaka, mvua zikianza kukatika, alivaa koti lake zito la safari, akashika sanduku, akaaga na kutokomea kwa miezi. Akirudi, hurudi na picha za rangi ya mafuta za watu wa mbali: wavuvi wanaotoboa barafu ili watumbukize ndoana, wafuga ngamia waliojifunika mpaka machoni, watawa wa milima mirefu wakipanda ngazi ndani ya ukungu. Walimu walipeleka watoto wa shule wakazione. Watu walisimama mbele ya picha wakajiona kama na wao wamefika.

Safari hii aliaga kama kawaida yake. Siku zikapita, dada yake mkubwa, aliyeishi naye nyumba moja, akapita kwa Kivuli kuulizia habari. Nyuma ya mlango akaona koti la safari limetundikwa, na chini yake sanduku, tupu. Alifika kituoni anakimbia. Uhamiaji wakaulizwa, wakajibu kwamba mtu huyo hakutoka nchini. Basi jambo likawa jepesi kwa kila mtu: hakusafiri, nyumbani hayupo, vitu vyake viko kwa mwanafunzi. Kivuli akatiwa pingu.

"Koti ulilipataje?" Inspekta aliuliza kwa mara nyingine.

Kivuli alitazama vidole vyake. Kucha zilikuwa bado na rangi ya samawati ambayo sabuni ya mahabusu ilishindwa kuitoa.

"Kama kuna mtu unamwogopa, niambie. Nitakulinda."

"Simwogopi mtu, Inspekta," Kivuli akasema. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza. "Namheshimu mtu." Kisha akaomba arudishwe ndani.

Inspekta alitoka hadi uani, akazunguka gari la kituo mara kadhaa. Koplo, dereva wake, mtu mnene mwenye subira ya mawe, alimngoja amalize mizunguko. Inspekta akamwambia kwamba Kivuli amesema namheshimu, hakusema nilimheshimu. Aliyemuua mtu, au hata anayejua tu kwamba mtu amekufa, ulimi wake humponyoka ukasema alikuwa. Koplo akajibu kwamba mjanja huchunga ulimi. Mkuu wa kituo naye, aliposikia, alisema sarufi haimtoi mtu mahabusu, na kwamba kesho asubuhi faili lazima liwe mezani kwa hakimu.

Kwenye benchi la mapokezi dada mkubwa alikuwa amekaa vilevile kama alivyokaa kila siku, mkoba mapajani, macho mekundu. Alimwambia Inspekta kwamba Kivuli alikula chakula chake kwa miaka, mkono huu huu ulimpakulia, na kwamba mtu wa namna ile ni nyoka wa kufugwa. Inspekta alimpa pole, akamwomba aende nyumbani akapumzike. Hakwenda.

Aliyebaki kwenye orodha ya watu wa kuwahoji ni mwenye ukumbi wa maonyesho. Alikuwa mwanamama mrefu, mwenye sauti ya kunong'ona kana kwamba picha zake zimelala. Maonyesho ya Kiguu na Njia yalikuwa yafunguliwe wiki inayofuata, na mafundi walikuwa juu ya ngazi wakipima usawa wa fremu. Mwanamama alisema hana wasiwasi wowote. Polisi wanahangaika bure, kwa sababu mchoraji yuko hai na anafanya kazi. Hata wiki hii amemletea picha mpya kutoka huko aliko.

Koplo na Inspekta wakatazamana.

Picha ilikuwa chumba cha nyuma, imeegemezwa ukutani. Kijiji cha theluji: vibanda vimefukiwa mpaka madirishani, na mvuvi aliyevaa kofia ya manyoya akikokota samaki kwa kamba. Theluji ilikuwa imepakwa nene, imeinuka kwenye turubai kama malai. Koplo aliitazama kisha akamvuta Inspekta pembeni. Kwa maoni yake mambo yalikuwa wazi kama mchana. Kivuli amejifunza mkono wa mwalimu wake. Amemuua, kisha amechora hii ili watu wadhani mwenyewe yu hai.

"Ililetwa lini?" Inspekta akamuuliza mwanamama.

"Juzi."

"Juzi Kivuli alikuwa ndani."

Koplo akakuna shingo. Akasema basi huenda mwanamama naye yumo, ana mchoraji wake wa kughushi. Inspekta alikwishafikiria hilo. Akamuuliza mwanamama amejuaje kwamba ni kazi ya Kiguu na Njia. Mwanamama, badala ya kukasirika, alimshika mkono akampeleka mbele ya picha za miaka ya nyuma, akamwonyesha jinsi mtu yule anavyomaliza kila mpako kwa kuizungusha brashi kidogo, kama anayezima moto wa kiberiti. Wanafunzi wengi wamejaribu kumwiga, akasema, Kivuli pia. Wote huzungusha mno. Inspekta alilinganisha moja baada ya nyingine. Mwanamama alikuwa anasema kweli, au alikuwa mwongo hodari sana.

Alirudi kwenye picha mpya. Bila kuomba ruhusa akabonyeza theluji kwa kidole. Kidole kikaondoka na ute mweupe, na mwanamama akashika kifua.

"Rangi nene namna hii inakauka kwa muda gani?"

"Inategemea. Wiki nyingi. Nyeupe hii, pengine zaidi."

"Na hii imetoka nchi ya barafu."

"Ndiyo," mwanamama akasema. Inspekta aliona wazo likimfikia taratibu, likampausha uso. Picha mbichi kama ile haiwezi kutiwa kwenye kasha, kupakiwa, kurushwa, kushushwa, ikafika bila hata mkwaruzo mmoja. Ilikuwa imebebwa wima, kwa uangalifu, na mtu aliyetembea kwa miguu. Mwanamama alikiri kwamba aliyeileta alikuwa mchukuzi tu wa mjini, aliyeiweka mlangoni akaondoka. Furaha ya kuipata ilimziba macho, hakuuliza.

Inspekta akaanza kutembea. Alizunguka ukumbi mzima kutoka barafu hadi mchanga, kutoka mchanga hadi milimani, akarudi, hata mafundi kwenye ngazi wakaacha kazi wakamtazama. Kuna kitu kilimkera tangu alipoingia na hakukijua. Watu wale wa mbali walikuwa wanafanana. Hawakufanana mavazi wala rangi, ila walikuwa na kitu cha ndugu wa tumbo moja. Na jua lao pia lilikuwa moja. Barafuni, jangwani, kwenye ngazi za watawa, mwanga ulishuka kutoka juu kushoto, mwembamba, kama uliopenya kwenye kidirisha. Akasogea kwenye joho la mfuga ngamia, akaliangalia mpaka pua yake ikakaribia kugusa rangi. Mchoraji alikuwa fundi wa kweli, hakuacha kitu alichokiona. Kwenye joho lile la mtu wa jangwani, aliyelala chini ya nyota, alikuwa amechora mikunjo. Haikuwa mikunjo ya upepo. Ilikuwa imenyooka, imekatana kwa pembe nne, kama ya shuka lililokunjwa likapigwa pasi. Joho la mtawa lilikuwa nayo. Blanketi la mvuvi pia.

Alimpigia simu ofisa wa uhamiaji palepale. Mara ya kwanza walimuuliza kama mtu huyu ametoka nchini mwaka huu. Safari hii Inspekta aliuliza kuhusu mwaka jana, na mwaka wa nyuma yake, na wa nyuma zaidi. Alingoja huku akipiga hatua. Jibu lilipokuja, ofisa mwenyewe alionekana kushangaa.

"Hajatoka hata siku moja, Inspekta. Tangu azaliwe."

Inspekta hakumwambia mwanamama neno. Aliuliza tu picha ile ilifungwa kwa kitu gani ilipoletwa. Ilikuwa imefunikwa shuka jeupe, mwanamama akasema, nalo bado lipo. Lililetwa. Lilinukia wanga na moto wa pasi, na kwenye pindo moja palikuwa na alama ndogo ya uzi mwekundu, kama kiguu cha kuku. Koplo, ambaye mke wake alimkataza kufua sare mwenyewe baada ya kuzigeuza zote kuwa za waridi, alisema mara moja kwamba ile ni alama ya dobi. Kila dobi ana yake, ili nguo za wateja zisipotee.

Walianza kuzunguka. Dobi wa kwanza hakuifahamu. Wa pili alilishika shuka, akalinusa, akacheka kwa dharau: huyo ni yule mama wa barabara ya makaburini, anayetia wanga mpaka shati linasimama lenyewe. Wakashukuru, wakaenda.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, chini kazi, juu chumba. Mlangoni mvuke uliwapiga usoni. Shuka zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na katikati yake mwanamke mpana alikuwa anakandamiza pasi kwa mikono miwili. Aliinua uso, na Inspekta akasimama pale pale. Inspekta alikwisha kumwona mama huyu asubuhi ile ile. Alikuwa mvuvi wa barafu. Alikuwa pia mfuga ngamia, tena mtawa aliyenyoa kichwa. Mashavu yale, kidevu kile kilichogawanyika, hata namna ya kumkodolea mgeni jicho moja zaidi ya lingine.

Dobi alitazama sare ya Koplo. Hakuuliza wamefuata nini. Aliiegesha pasi kwenye kikalio chake, akajifuta jasho kwa kanga.

"Afadhali mmekuja," akasema. "Mimi nimesema nimechoka. Yuko juu."

Ngazi zilikuwa za mbao, zinalia. Chumba kilikuwa kidogo kuliko mahabusu, kina joto la kupikia, na kidirisha kimoja juu kabisa, upande wa kushoto. Kiguu na Njia alikuwa amesimama mbele ya turubai kwa fulana na msuli, akichora mchanga. Alikuwa mtu mdogo, mwenye tumbo na miguu myembamba. Picha zake zilikuwa zimemfanya Inspekta amtarajie jitu. Aligeuka, brashi mkononi, akauliza kama dada yake ndiye amewatuma.

"Kesho Kivuli anapelekwa mahakamani," Inspekta akasema. "Kwa kukuua wewe."

Mchoraji hakuangusha brashi wala hakuuliza Kivuli yupi. Aliichovya kwenye tapentaini, akaifuta kwa kitambaa, polepole, unywele kwa unywele. Hapo Inspekta akajua kwamba alikuwa anajua. Dobi, aliyekuwa amewafuata hadi mlangoni, akalithibitisha: alimletea gazeti kwa mkono wake, akamsomea, akamwambia nenda kamtoe mtoto wa watu. Akajibiwa kila siku kwamba kesho.

"Maonyesho yanafunguliwa wiki ijayo," mchoraji akasema. "Nilikuwa narudi. Ningerudi tu na mambo yangekwisha yenyewe. Mtu hafungwi kwa siku chache hizo."

Inspekta alimwambia avae. Alipokuwa anavaa, maneno yalimtoka bila kuulizwa. Zamani, alipokuwa hajulikani, alichora picha ya jangwa kutoka kichwani tu. Mwenye ukumbi akamuuliza, ulifika huko? Akajibu ndiyo, kwa aibu ya kusema hapana. Neno moja hilo likamfunga kama ndoa. Mwaka uliofuata watu walimuuliza sasa unaelekea wapi. Alijaribu kusafiri kweli. Alifika mpaka mlango wa uwanja wa ndege, woga ukamshinda, akarudi kwa kupitia nyuma kama mwizi. Kuanzia siku hiyo alipanga kwa dobi. Shuka zilikuwa joho, mvuke ulikuwa ukungu, na dobi mwenyewe alikubali kukaa achorwe akiwa hana kazi nyingi. Zaidi ya dobi, aliyejua ni Kivuli peke yake. Koti na sanduku alimwachia Kivuli kwa sababu chumba kina joto na hakina nafasi.

"Na hakusema neno," Inspekta akasema.

"Kivuli ni mtu mwaminifu sana," mchoraji akajibu, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo, jambo lililomfanya Inspekta atangulie kushuka ngazi kabla hajasema kitu ambacho askari hatakiwi kukisema.

Walipofika kituoni dada mkubwa aliinuka benchini, mkoba ukaanguka, akamrukia ndugu yake shingoni akalia kwa sauti. Alimpapasa mabega kama anayehakikisha kwamba ametimia. Mwenye ukumbi, aliyekuwa ametangulia kufika akitaka kujua hatima ya jambo, alisimama ukutani na hakusogea. Mkuu wa kituo alitoka ofisini, akamtazama marehemu wake, akarudi ndani. Inspekta akaagiza Kivuli atolewe.

Alikuja amekonda, shati halina vifungo viwili. Alimwona mwalimu wake, akasimama. Kisha akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu yake ya siku zote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Za safari?"

Dada mkubwa alikuwa bado anajifuta machozi, hajaelewa chochote. Mwenye ukumbi alikuwa anaelewa nusu. Inspekta aliutazama uso wa Kivuli akitafuta kejeli, hakuiona. Mtu huyu alikuwa anamfungulia mwalimu wake mlango, achague mwenyewe kupita au kubaki nje.

"Nzuri," mchoraji akasema.

Pengine lilimtoka tu kama linavyotutoka sote, maana jibu la salamu haliombi ruhusa kichwani. Kivuli aliitikia kwa kichwa. Akachukua mkanda wake na viatu vyake kutoka kwa askari wa zamu, akakaa benchini, akafunga kamba za viatu bila haraka. Mchoraji akamwambia amngoje, wataondoka pamoja.

"Hapana, Mwalimu. Mimi natangulia," Kivuli akasema. Alimuaga dada mkubwa, ambaye alishindwa kumtazama, akatoka. Koplo alimfuata akajitolea kumpeleka kwa gari. Kivuli akasema atatembea.

Inspekta akamketisha mchoraji mezani, akafungua karatasi za maelezo. Dada mkubwa alisimama nyuma ya kiti, mkono juu ya bega la ndugu yake.

"Tangu ulipoaga nyumbani, ulikuwa wapi?"

Dada akaanza kumjibia kwamba alikuwa safarini, kila mtu anajua. Inspekta hakumtazama. Mchoraji alikuwa anauangalia mlango ambao Kivuli ametokea.

"Andika hapa hapa mjini," akasema. "Barabara ya makaburini. Juu ya dobi."

"Na mwaka jana?"

"Hapo hapo."

"Na wa nyuma yake?"

"Yote, Inspekta. Andika yote."

Mwenye ukumbi alitoka nje bila kuaga. Inspekta aliandika. Kisha dada mkubwa akasema kitu, kwa sauti ya chini mno, hata Inspekta akainua kichwa.

"Mwaka ule tunamzika mama," dada akasema, "tuliwaambia watu uko mbali. Tuliwaambia huko uliko hata simu hazifiki. Ulikuwa wapi?"

Mchoraji hakugeuka.

"Mlipita pale chini," akasema. "Dirisha liko juu. Nilipanda kwenye kiti, nikawaona."